Jumamosi Ambayo Kulwa Hakucheza

Katika utoto wangu sikuwahi kula kitumbua kizima mbele ya watu. Kikipatikana kimoja kilikatwa katikati, nusu yangu na nusu ya Kulwa, na Bibi alisimama palepale kuangalia kisu kisipendelee upande. Tulikuwa mapacha. Kulwa alitangulia kutoka, mimi nikafuata, ndiyo maana nikaitwa Doto. Tulizaliwa Temeke wakati wa Mwingereza, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Baba alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja mjini na nyumbani alikuja Jumapili tu, kwa hiyo waliotulea hasa ni mama na Bibi, mama yake mama. Bibi alihama Mbagala wiki tuliyozaliwa kwa sababu, alisema, mapacha si watoto wa kumwachia mtu asiyejua.

Alichojua Bibi ni hiki: pacha hapewi kitu mwenziwe akanyimwa. Ukimshonea mmoja nguo, mshonee na wa pili, hata kama kitambaa ni hafifu. Ukikosea, yule aliyenyimwa ataugua, na hatainuka mpaka wawe sawa tena. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Mimi, nikisema kweli, sikuwahi kuamini. Niliipenda tu sheria ile kwa kuwa ilinihakikishia kwamba Kulwa hatapata kitu nisichokuwa nacho.

Nyuma ya nyumba, kabla ya kufika kwenye shamba la mihogo, palikuwa na kipande cha mchanga. Hapo tulicheza mpira wa matambara, wawili tu, tangu tukiwa wadogo sana. Mwenye mbio nilikuwa mimi. Na kuna chenga niliyoigundua mwenyewe: unausimamisha mpira kama mtu aliyechoka, unamwacha mwenzio akujie, akifika tu unausukuma kwa ubavu wa nje wa mguu, unampita upande asioutarajia. Kulwa alianguka mchangani mara nyingi kabla ya kuishika chenga ile. Alipoishika nilifurahi naye. Nilidhani itabaki yetu sote.

Tulipofika miaka kumi na tatu, mama aliniita uani.

"Doto, basi tena. Umeshakuwa mkubwa. Mtoto wa kike huwezi kuwa unarukaruka huko, watu wanatazama."

Nilimgeukia Bibi, maana niliona hapa ndipo mahali pa sheria yake. Bibi alikuwa akisuka ukili. Hakuinua macho.

"Mpira si wa kugawana," alisema.

Kulwa aliendelea peke yake, na mwaka ule haukuisha kabla hajaanza kuitwa kucheza na watu wazima. Kulikuwa na timu ya mtaani kwetu iliyokuwa na sifa mpaka Buguruni. Katibu wake, Bwana Sudi, muuza duka mnene mwenye sauti ndogo, alimwona Kulwa akicheza kiwanjani na hakumwachia tena. Wakamweka wingi ya kushoto, pembeni kabisa mwa kiwanja. Jumamosi jioni mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na kutoka kiwanjani nilisikia watu wakinyamaza ghafla, kisha wakipiga kelele kwa pamoja. Nilijua kilichotokea bila kuambiwa. Ukimya ule ulikuwa pale alipousimamisha mpira. Watoto walipita barabarani wakiiita "chenga ya Kulwa", nami nilikaa juu ya mbuzi nikikuna mpaka kifuu.

Sikumchukia ndugu yangu. Ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa akirudi na kunisimulia mechi nzima, akichora kwa kidole kwenye vumbi, bila majivuno yoyote, na mimi nilikuwa nikisikiliza huku moyo ukinichoma kama pilipili machoni.

Kisha vikaja viatu. Bwana Sudi alimletea njumu za ngozi, kuukuu lakini zilizopakwa mafuta vizuri, na wachezaji wengi siku zile walicheza pekupeku. Bibi aliviona viatu hata kabla mgeni hajatandikiwa mkeka.

"Na Doto?" aliuliza.

"Doto atavifanyia nini, mama?" alisema mama. Akaingia ndani akatoka na kanga yake ya zamani, akanipa. "Haya, nawe umepata."

Ilikuwa imetoboka pembeni. Bibi aliigeuzageuza, akatikisa kichwa.

"Nyie mtaona. Huyu ataumwa."

Siku ya nane nikaumwa. Ilikuwa homa ya kweli, siku mbili sikujua mchana wala usiku. Temeke ya wakati ule mvua zikinyesha, mbu walikuwa wengi kuliko majani, na leo sihitaji sababu nyingine. Lakini Bibi hakutafuta sababu, alikuwa nayo. Mwalimu wa chuo aliletwa, akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji nikayanywa. Bibi akazichukua njumu za Kulwa, akaziweka chini ya kitanda changu.

"Hakanyagi kiwanja mpaka mwenziwe ainuke," alisema, na mama, ambaye siku nyingine angebishana naye, alikuwa analia tu.

Siku ya tano nilipona. Niliamka alfajiri mwili ukiwa mwepesi, njaa inaniuma. Nilikuwa nanyanyuka nimwambie mama, nikasikia sauti ya Bwana Sudi barazani. Alikuwa akimbembeleza Bibi.

"Shikamoo, mama. Nakuomba sana. Jumamosi anakuja bwana mmoja kutoka Tanga, anatafuta vijana wa timu ya shamba la mkonge. Kazi wanapewa, nyumba wanapewa, na kazi yenyewe ni mpira. Anakuja kwa ajili ya Kulwa."

"Mwulize mgonjwa," alisema Bibi.

Nilirudi kulala. Nilijifunika shuka mpaka kidevuni. Bwana Sudi aliinama mlangoni, jasho likimtiririka, kofia mkononi. Mtu mzima yule, mwenye duka, alikuwa ananiomba mimi.

"Mwanangu, waonaje leo?"

Nyuma yake nilimwona Kulwa.

"Bado, mjomba," nilisema. "Kichwa."

Nilisema bado siku ile, nikasema bado Ijumaa, na Jumamosi pia. Nilikula uji kidogo mbele za watu, na wakitoka nikaingia jikoni kutafuta chochote. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza tangu mama aniite uani, nilikuwa na kitu mkononi mwangu ambacho watu walikihitaji.

Jumamosi jioni Kulwa alikuja kukaa na mimi. Alikuwa na kipande cha ukuti, akawa ananipepea. Kiwanja hakikuwa mbali. Tulisikia filimbi ya refa, tukasikia watu wakianza. Kelele zilipopanda mkono wake ulisita, kisha ukaendelea. Njumu zilikuwa chini ya kitanda, karibu na miguu yake.

"Wameanza," nilisema.

"Eeh."

"Huendi hata kutazama?"

"Mechi zipo," alijibu.

Ningeweza kuinuka hapo. Nimerudia dakika ile mara nyingi katika maisha yangu, na kila mara najiona nikitupa shuka na kusema nimepona, kimbia, utawahi kipindi cha pili. Sikuinuka. Nilisikiliza kelele zisizokuwa za Kulwa, na raha niliyoipata naikumbuka mpaka leo, tamu na ya aibu.

Bwana wa Tanga alimchukua Athumani, kijana wa Keko aliyecheza mahali pa Kulwa. Jumapili asubuhi mimi nikainuka. Bibi alichinja kuku kwa furaha, na Kulwa alikula pamoja nasi.

Hakupotea moja kwa moja. Miaka minne baadaye timu moja ya Mombasa ilimwita na kumpa mshahara, akacheza huko kwenye wingi yake ileile. Watu waliotoka huko walisema hapakuwa na beki aliyelala vizuri usiku wa kuamkia kucheza naye. Lakini Mombasa walikuwa wamempata amechelewa, na miaka mitatu tu baadaye goti lilimharibikia. Athumani alikuwa amemtangulia kwa miaka minne. Mimi niliihesabu ile minne. Nilikuwa nimeolewa Ilala, nina watoto, na bado niliihesabu.

Nilimwambia Kulwa siku tulipomaliza matanga ya mama. Tulikuwa tumekaa barazani, wageni wameondoka, Kulwa ameunyoosha mguu wake mbovu juu ya kigoda. Tulishakuwa watu wa mvi moja moja. Nilimwambia yote, kombe, homa iliyokwisha, zile bado tatu. Nilimwambia bila kumtazama.



"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilikuona jikoni Ijumaa. Ulikuwa unakula kiporo cha mihogo, sufuria zima, umesimama. Mwenye homa hali vile."

"Sasa mbona hukwenda? Mbona hukumwambia Bibi?"

Kulwa alilisugua goti lake.

"Bibi alisema aliyenyimwa ndiye ataumia. Basi mie nilitazama nikaona umenyimwa kweli. Ya homa niliyaacha. Ulikuwa unanishinda mbio, Doto, na wewe ndiye uliyefungiwa jikoni. Nikaona, nikienda siku ile, sitakuwa na uso wa kurudi kukusimulia."

Hakusema kwa uchungu, wala kwa huruma ya kunifanya nijione mdogo. Kisha akaomba nimpe fimbo yake, aende kuswali.

Kwa miaka yote nilikuwa najiambia kwamba imani ya Bibi ilikuwa upuuzi wa wazee, na mimi nilikuwa mjanja niliyeutumia. Sasa nilimwona mtu aliyeiamini kuliko Bibi mwenyewe, mpaka kwenye kiini chake, na akailipia kwa mguu uliokuwa bado mzima. Bibi aliogopa maradhi. Kulwa aliogopa tu kuwa na kitu ambacho mimi sina.

Nilimtazama akishuka ngazi za baraza, akichechemea kuelekea msikitini, akiitika salamu za watu njiani. Alikuwa mtu mwepesi, asiyebeba chochote. Nami nilikaa pale, mama wa watoto watano, nikamwonea wivu tena.