Mke wa Fundi wa Nguzo

Upepo ukianza kuvuma, mke wa fundi wa nguzo za umeme hukunjua nguo alizokwisha kuzikunja, akazikunja upya, sikio likiwa mlangoni. Jioni ile mabati yalipiga kelele, mtaa mzima ukazama gizani, na mumewe akaitwa kazini.

“Hao mafundi wamelala, nini?” jirani alilalamika ng’ambo ya ukuta. Mke wa fundi akaendelea kukunja tu. Taa zilipowaka, mtaa ulilipuka kwa shangwe.

“Shoga, umeme umerudi!” jirani aliita.

“Wenu umerudi,” alijibu. “Wangu mimi hajarudi.”

Hatimaye buti ziligonga kizingiti. “Matope yote hayo, na nimetoka kupiga deki sasa hivi!” alifoka. Mumewe akazivua, kisha akamshika mikono mpaka ilipoacha kutetemeka.