Kisima cha Dafrosa chapingana na setilaiti

Saa 12:05 asubuhi, Jumatatu ya pili ya Agosti. Maji ndani ya bomba la uchunguzi lililochimbiwa ardhini Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, yako mita 13.31 chini ya mdomo wa bomba.

Dafrosa Kasanda (52) anaisoma namba hiyo kwenye futi kamba ya chuma. Kabla ya kuishusha ameipaka chaki mita mbili za mwisho; pale chaki ilipoishia kulowa ndipo maji yalipo. Anaifuta, anaipaka tena, anaishusha tena. Ni 13.31.

Kwa kawaida huwa peke yake. Leo Octavian Lubinza (29), fundi sanifu wa maji, ameegesha pikipiki pembeni na kufungua mkoba wenye kipimo cha umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kupima."

"Kwa wiki hii naona ni kitu kilekile."

Octavian anashusha waya wake. Unapogusa maji, kipimo kinalia. Anasoma 13.30.

"Basi sijapika," anasema Dafrosa.

"Hujapika namba ya leo. Ya Juni bado."

Dafrosa ni mkulima wa mpunga na karanga, mke na mama wa watoto wanne. Kwa miaka kumi na moja amepima bomba hili kila Jumatatu na kujaza madaftari sita. Posho yake, anasema, inatosha sabuni na vocha. Hajawahi kuruka wiki, isipokuwa moja alipomzika mama yake.

Namba zake hulinganishwa na vipimo vinavyotoka angani. Setilaiti mbili huizunguka dunia zikifuatana, kilomita zipatazo 220 kati yake. Maji yana uzito, na penye uzito zaidi ardhi huvuta kwa nguvu zaidi. Setilaiti ya mbele ikikaribia eneo lililoongezeka maji, huvutwa kabla ya ya nyuma, na umbali kati yake hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Kutokana na badiliko hilo wataalamu hukokotoa maji yaliyoongezeka au kupungua, yaani ya maziwa, ya udongo na ya chini ya ardhi kwa pamoja.

Setilaiti hizo hazisemi maji yako kina gani, na haziwezi kutenga kisima kimoja. Zinaona eneo lenye upana wa kilomita mia tatu hivi. Ndiyo maana watu kama Dafrosa wanahitajika chini.

Takwimu za Juni zilifika mapema Agosti. Zilionyesha kuwa magharibi mwa Tanzania kulikuwa na maji mengi kuliko Juni ya mwaka uliotangulia. Daftari la Dafrosa lilionyesha kinyume: mita 9.12 Juni ile, mita 12.48 Juni hii.

Ofisi inayokusanya vipimo, ambayo ndiyo imemtuma Octavian, ilimwandikia. Barua ilisema kwamba tofauti hiyo isipoelezwa hadi mwisho wa Agosti, kumbukumbu zote za bomba la Itetemia, miaka kumi na moja, zitaondolewa kwa kuwa haziaminiki.

Habari ilienea kabla hajamaliza kuisoma. "Kijiweni wanasema najaza daftari nikiwa kitandani," anasema. "Na mimi ndiye mweka hazina wa jumuiya yetu kanisani. Nikionekana mwongo wa namba za maji, nani ataniamini na za sadaka?"

Mumewe, Eustace, anasema mkewe amepunguza kula. "Nikimwambia lala, ananitajia desimali."

Baada ya kupima, Octavian anauliza kama kuna anayevuta maji karibu. Dafrosa anamwonyesha safu ya mwisho ya daftari, iliyoandikwa Maelezo. Kila wiki, kwa miaka yote, imeandikwa neno moja: hakuna.

"Nilifundishwa hivyo," anasema. Msomaji aliyemtangulia alikuwa akiandika kwenye safu hiyo nani amechota nje ya zamu na nani amegombana na nani. Karatasi ilifika kwenye kikao cha mtaa, ukazuka ugomvi. Msimamizi wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu, alimpa Dafrosa agizo moja: andika maji, usiandike watu.

"Nikalishika kama amri ya Mungu."

"Sasa nani anavuta, mama?"

Anaelekeza kidole kwenye ua wa minyaa. Mita 64 kutoka kwenye bomba, Mfaume Sizya (47), mfanyabiashara wa Mtendeni, ana kisima kirefu chenye pampu ya sola. Aliiwasha Mei 19 mwaka huu, mvua zilipokata, kumwagilia nyanya. Huvuta tangu jua linapopanda hadi linapotua. Kufikia alfajiri, maji yanakuwa hayajarudi mahali pake.

Octavian anamwomba aizime siku nne. Mfaume, aliyekwishasikia yanayosemwa kijiweni, anacheka kwanza.

"Kwa hiyo setilaiti imeziona nyanya zangu?"

"Haioni nyanya. Hata Tabora peke yake haiioni."

"Basi iniache. Siku nne za Agosti, kijana, hizi zitakuwa mboga kavu."

"Shemeji," anasema Dafrosa, "wananiita mwongo."

Mfaume anatazama matuta yake. "Huyu hapiki namba," anamwambia Octavian. "Anapika nyanya zangu, tena za bure." Anakwenda kuzima swichi. Ni saa 1:50.

Asubuhi hiyo Dafrosa anaandika kwenye Maelezo jina la mtu kwa mara ya kwanza. Anaomba radhi kabla ya kuandika.

Itetemia iko karibu na njia ya kale ya misafara iliyoelekea Ujiji. Wapagazi walipanga kambi kwa kufuata maji, na kisima kilichokauka kiliwaongezea siku nzima ya mwendo. Siku hizi maji yanaweza kuondoka mtu asijue, kwa kuwa pampu huyafuata chini zaidi. Ili kuligundua hilo, lazima mtu apime.

Jumanne maji yako mita 12.02. Jumatano, 11.31. Alhamisi, 10.95. Mfaume anamwagilia kwa ndoo, na matuta mawili ya mwisho yameanza kunyauka. Ijumaa Dafrosa anasoma 10.77. Wiki kama hiyo mwaka uliopita ilikuwa 10.41.

"Bado sentimita thelathini na sita," anasema. Mikono yake ina chaki hadi kwenye viwiko. "Na kwa hesabu ya angani yangepaswa kuwa juu zaidi ya mwaka jana. Wakinibana kwa hizo, nitasema nini?"

Octavian anamjibu kwa simu kwamba maji yalikuwa bado yanapanda, na kwamba uamuzi si wake. Saa 2:10 pampu inawashwa tena.

Dafrosa ana mpango. Anataka bomba jipya lichimbwe kwenye shamba la kigango cha kanisa lao, kilomita 1.4 kutoka kwa Mfaume, ambako hakuna pampu. Mwenyekiti wa kigango amesaini barua ya ruhusa. Atatembea, anasema, miguu anayo.

Jumatatu iliyofuata, saa 3:20 asubuhi, uamuzi wa ofisi uliingia kwenye simu yake kupitia kwa Octavian. Ulikuwa na sentensi tatu. Vipimo vya Dafrosa Kasanda ni sahihi. Kumbukumbu za hadi Mei 18 zinabaki. Bomba la Itetemia linaondolewa kwenye orodha, kwa kuwa linapima pampu ya jirani, si ardhi.

Alimpa Eustace aisome sentensi ya kwanza kwa sauti, mara mbili. Kisha akaandika jibu: "Asante, mwanangu. La kigango litachimbwa lini?"

Hadi saa nane mchana ujumbe huo ulikuwa umesomwa. Haukuwa umejibiwa.