Yule Si Dobi

Zamani filamu moja iliangaliwa na mtaa mzima kwa pamoja, mtu mmoja akiwaeleza wote kinachosemwa, siku hizi kila mtu anaangalia ya kwake kwenye kisimu chake, kichwa kimeinama kama kuku anayedonoa, na ukimuuliza nani kamuua nani anakwambia, "Babu, subiri kwanza."

Nimesubiri vya kutosha. Leo naeleza mimi.

Nilikuwa fundi viatu, na ukuta wangu uligusana na ukuta wa dobi mmoja tuliyemwita Pua. Jina hilo hakulipata kwa ukubwa, maana pua yake ilikuwa ya kawaida, hata ndogo. Alilipata kwa kazi. Madobi wengine walitia alama kwenye nguo za watu, uzi mwekundu hapa, wino pale. Yeye alinusa. Ukimletea shati, kabla hajakusalimia vizuri ameshalipeleka usoni, amefumba macho, amevuta pumzi. "Hili limeshinda jikoni," anasema. "Hili mwenyewe alikuwa na homa, nitalichemsha peke yake." Akishafua na kuanika ananusa tena, kuona kama sabuni imetoka yote. Na hata nguo ikiwa safi kabisa, yeye alidai bado inamkumbuka mwenyewe.

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga pasi na ambaye tulimwita Mama Pasi, alikuwa na maelezo yake.

"Pua gani, jirani? Anaangalia vifungo huyo. Mfiche vifungo uone."

"Mwanamke, usiniharibie kazi," Pua anajibu, na wote wawili wanacheka ndani ya mvuke.

Pasi zenyewe zilikuwa za mkaa. Shati likitoka mikononi mwa yule mama ungeweza kulisimamisha juu ya meza bila mtu ndani. Leo nguo zinatupwa kwenye pipa la umeme, zinazungushwa pamoja na soksi za watu usiowajua, zinatoka zimekunjamana kama uso wangu, halafu mnaniambia ni maendeleo. Mama Pasi alizifunga nguo zake kwenye magazeti ya zamani, na magazeti hayo ndiyo yaliyokuwa shule yangu. Nilipewa mabaki, nikasoma huku nagonga soli. Habari nyingi za dunia nilizijua nusu, kwa sababu nusu nyingine ilikuwa imeondoka na suruali ya mtu.

Sasa, mdogo wake Mama Pasi alikuwa mweleza filamu katika jumba la sinema lililokuwa mwisho wa mtaa. Filamu zilikuja zikiongea lugha za mbali. Yeye alikaa kwenye kiti kirefu pembeni ya kile kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, akatuambia huyu kasema nini na yule kajibu nini. Lugha zenyewe alizijua kidogo sana, kilichobaki alikitoa kichwani. Huyo tulimwita Mdomo. Kwa hiyo familia moja ilikuwa na Pua na Mdomo, na jioni walipokaa nje ya mlango wakitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, mtu aliuliza mimi jirani yao ni nani kwenye uso huo.

"Fundi viatu?" Mdomo akanijibia. "Huyo ni kisigino, bwana. Hana nafasi huku juu."

Nikabaki Kisigino mpaka leo.

Ndipo ikaja filamu ile. Picha yake ilibandikwa mlangoni: mji wa kale, ukungu, magari ya kukokotwa na farasi, na mtu aliyevaa koti refu ameinua uso kama mbwa aliyesikia harufu. Jumapili mchana jumba likajaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Taa zikazimwa. Kwenye kitambaa tukaona chumba kilichojaa mvuke. Yule mwenye koti anakoroga sufuria kubwa kwa mti, anachovya kitu kama tambara, anakamua, anaanika kwenye kamba. Kisha analisogeza tambara puani, anafumba macho, anavuta pumzi.

Mdomo hakujua yule mtu anafanya kazi gani. Hakuna aliyejua. Akaangalia sufuria, akaangalia kamba, akaangalia ile pua, akashindwa kujizuia.

"Mabibi na mabwana, huyu ni dobi. Tena mnamjua! Ni shemeji yangu huyu, kaingia kwenye filamu bila hata kuniaga!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikiwemo.

Kicheko hakikudumu. Yule mtu alimnusa mwanamke aliyepita chini ya dirisha lake, akamfuata kichochoroni bila kumwona, kwa harufu tu, akamnyonga, akamvua kitambaa cha kichwani. Kisha akamnyonga mwingine. Vile vitambaa alivirudisha kwenye sufuria. Kumbe, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, alikuwa mtengeneza mishumaa, anatafuta mshumaa ambao ukiwashwa utatoa harufu ya mkewe aliyemtoroka. Tuliiona mishumaa wazi kabisa, imepangwa mezani. Lakini Mdomo alikuwa ameshasema dobi, na mweleza filamu harudi nyuma. Akikiri kosa mbele za watu mara moja, wataanza kumhoji kwa kila kitu. Basi akaendelea.

"Hapa dobi anawasha mishumaa," akasema, "ili nguo zikauke upesi, maana kule kuna baridi."

Na watu wakaamini.

"Dobi ameshamnusa binti! Binti, kimbia! Dobi huyo!"

Wanawake walipiga kelele mpaka viti vikatetemeka. Tulipotoka juani akina mama waliwashika mabinti zao mikono.

Kesho yake asubuhi mke wa mwokaji mikate alikuja kuchukua gauni lake.

"Bado sijalifua, mama," Pua akamwambia.

"Nipe hivyohivyo."

Pua akaingiza mkono kwenye lundo, akavuta gauni, na kwa mazoea yake akalipeleka puani kuhakikisha kama ndilo. Mama wa watu akarudi nyuma, akarudi, mpaka mgongo ukagonga mlango wangu. Akalinyakua gauni, akaondoka bila kuaga.

Baada yake wakaja wauguzi, akaja mwalimu, wakaja watu wa nyumba ya wageni kuchukua mashuka yao. Haikufika katikati ya wiki kamba za uani zilikuwa tupu. Ukuta wa nyuma, ambao siku zote ulikuwa umefichwa na nguo, nikauona una rangi ya kijani. Wasichana walivuka barabara ili wasipite mlangoni kwake. Na Pua hakuelewa kitu, kwa sababu sinema hakuwahi kuingia. Alisema harufu ya mle ndani inamshinda.

Aliyemweleza ni mwenye nyumba. Alikuwa mjane aliyekaa ghorofani na mabinti zake wakubwa. Alishuka, akasimama mlangoni, macho akayaweka kwenye beseni.

"Baba, mimi najua wewe si yule dobi muuaji aliyeelezwa na Mdomo kwenye filamu. Lakini wanangu wanapita hapa kila siku. Mwezi ukiisha naomba chumba changu."

Mle uani mlikuwa na kisima na mabeseni ya mawe aliyoyajenga baba yake Pua kwa mikono yake. Dobi asiye na maji na ua si dobi tena, ni mtu mwenye pasi.

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa. Ila unanusa."

Mama Pasi aliyasikia yote kutoka ndani. Akaweka pasi chini, akafunga kitambaa chake kichwani, akatoka. Mdogo wake alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na dada mtu hakuingia ndani. Alisimama barabarani, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio.

"Mdomo! Toka nje!"

"Dada, kuna nini?"

"Mume wangu ameua watu wangapi?"

"Aa, dada, ule ni utani tu. Utani wa shemeji."

"Utani wa shemeji unafanyiwa hapo mlangoni, si kwenye kipaza sauti! Yule mtu kazi yake nini?"

Mdomo akakuna shingo. "Mishumaa. Niligundua ilipofika katikati."

"Ukaendelea."

"Sasa ningefanyaje? Nikisema nimekosea, nani ataniamini tena? Kazi yangu ni kuaminiwa, dada."

"Na kazi yake ni kukabidhiwa nguo za watu. Haya, chagua."

Filamu ile ilikuwa imejaza jumba, ikaongezewa Jumapili nyingine, ya mwisho. Siku hiyo Pua alivaa shati jeupe lililotiwa wanga mpaka likawa linaongea akigeuka, akaingia sinema kwa mara ya kwanza. Alikaa safu ya mbele, mkewe upande mmoja, mwenye nyumba upande wa pili. Mwenye nyumba hakuja kwa hiari. Mama Pasi alimshika mkono tangu ghorofani na hakumwachia. Viti vilivyowazunguka vilibaki vitupu. Mimi peke yangu nikakaa nyuma yao.

Taa zikazimwa. Chumba cha mvuke kikatokea. Mdomo akakohoa.

"Mabibi na mabwana, huyu ni mtengeneza mishumaa."

"Aa! Tuletee dobi wetu!"

"Juzi alikuwa dobi, ameacha kazi lini?"

Miluzi ikapigwa. Mdomo akangoja, halafu akasema neno ambalo sijawahi kumsikia mweleza filamu yeyote akilisema.

"Juzi nilikosea."

Watu wakaacha kutazama kitambaa, wakamgeukia yeye.

"Nilikosea. Nilimwona anachemsha, nikamtania shemeji yangu, kisha nikaona aibu kurudi nyuma. Ile ni nta, ndugu zangu, si sabuni. Na vile anavyovichovya mwisho ni tambi."

"Tambi za kula?" mtu akauliza, na mwingine kutoka nyuma akadakia: "Mdomo, acha kumtetea shemeji yako!"

Hapo nikajua mambo yameharibika. Uongo waliumeza bila maji, ukweli wakautema. Niliona mabega ya Mama Pasi yakishuka.

Mara Pua akasimama. Nikaogopa, nikadhani atawatukana watu, au atalia. Wala hakuwa anawatazama watu. Alikuwa anatazama mikono ya yule muuaji.

"Yule si dobi!" akafoka. "Mtazameni anavyokamua! Anashika katikati! Nani anakamua kwa kushika katikati?"

"Kaa chini, hatuoni!"

"Sikai! Tena ameanika juu ya moshi! Nguo juu ya moshi! Mtu huyo mimi nisingempa hata tambara la mlangoni!"

"Lakini anaua watu, bwana!"

"Anaua, sawa, hayo ni mambo yake na serikali yao. Ila asinidanganye kwamba anafua!"

Aliyeanza ni mwenye nyumba. Kicheko kilimtoka kifuani kama maji ya bomba lililozibuka, akamwegemea Mama Pasi, akafuta machozi, akacheka tena. Kisha safu nzima, kisha jumba lote. Mtu aliyekuwa ametishwa wiki nzima hucheka tofauti na mwingine. Anacheka kama anayevua kiatu kilichombana, na viatu navijua. Tangu hapo kila mara muuaji alipogusa kitambaa, watu wote walipiga kelele, "Anashika katikati!" na Mdomo, jasho likimtiririka, akatufikisha mwisho kwa mishumaa.

Pale nje mwenye nyumba alimsogelea Pua.

"Baba, yale ya chumba, yasahau."

"Nimeshayasahau, mama. Ila lile shuka lako la maua lirudishe. Ulilichukua lina sabuni."

Kesho yake mke wa mwokaji alileta gauni na kumsogezea Pua puani yeye mwenyewe. "Haya nusa, tumalize." Jioni ule ukuta wa kijani haukuonekana tena, na mimi nilifunga kibanda mapema, nikakaa tu kutazama nguo za watu zikipepea. Sikumbuki kama niliwahi kufurahia soksi za wenzangu namna ile.

Aliyebaki na adhabu ni Mdomo. Miaka yote iliyofuata hakuweza kueleza filamu bila mtu kupaza sauti gizani. Anasema, "Mvua inanyesha," nasi tunaiona mvua, lakini mtu lazima aulize, "Una uhakika?" Yeye mwenyewe aliniambia kuwa mzigo ulimtoka. Palipomshinda alisema tu, "Hapa sijui, ndugu zangu," na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio. Mtu wa namna hiyo mtampata wapi leo? Hivyo visimu vyenu vinajua kila kitu na havijawahi kusema havijui.

Jumba lile sasa linauza majokofu. Kisima kimefukiwa, juu yake wameegesha magari. Mwenye nyumba alipofariki mabinti waliuza, na binti yake Pua akaja kuwachukua wazazi wakaishi naye, pamoja na mjomba wake Mdomo, ambaye macho yalikuwa yanaanza kumwacha.

Nilitoka kuwaaga. Pasi za mkaa zilikuwa zimefungwa kwa kamba nyuma ya gari, na Mdomo amekaa juu ya magunia, ameshika mwiko wa dada yake kama kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, sasa mtengeneza mishumaa anapanda gari, mkewe anamsukuma kwa nyuma..."

"Dobi!" Pua akafoka. "Sema dobi!"

"Una uhakika?" nikauliza mimi, na Mama Pasi akacheka mpaka akamwachia mumewe, karibu aanguke.

Alipokwisha kukaa, Pua aliinama, akanishika mkono wa shati, akaupeleka puani. Akafumba macho.

"Kisigino, hili shati kafua nani?"

"Mashine ya mwanangu."

Akauachia taratibu.

"Pole sana," akasema, na gari likaondoka.