Mlio Niliounyamazia

Nilipaswa kukataa kutia sahihi ile karatasi ya majaribio. Mdogo wangu alikuwa ameshasaini juu, kwa mwandiko wa mtu wa chuo, akanisogezea kalamu. Nikaipokea.

Tulikuwa kwenye gereji moja ya Katoro inayotengeneza malori ya kubeba mawe ya dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kupima injini zilizofunguliwa na kufungwa upya, kabla hazijarudi barabarani. Elimu yangu ni kidato cha nne, lakini kwa miaka mingi mafundi waliniita Injinia. Nilikuwa nagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayonguruma, mpini naubana sikioni, nasikiliza. Kisha tunalipakia lori mawe na kulipandisha mlima. Gereji ilikuwa na sheria yake: aliyepitisha injini hupanda nayo safari ya kwanza.

Mdogo wangu nilimlea mwenyewe kule Didia baada ya baba kufa. Bisibisi ya kwanza aliyoishika ilikuwa yangu. Akasoma, akawa mhandisi wa kweli, na tajiri wa gereji akamleta awe mkuu wa majaribio. Alikuja na kompyuta na nyaya za kuchomeka kwenye injini. Kila asubuhi alinipa shikamoo mbele ya watu. Hakunikosea kitu. Ila haikupita hata wiki mbili, jina la Injinia likahamia kwake, mimi nikabaki Mzee.

“Mwanawane, Mzee,” mchomeleaji alinitania, “hilo sikio lako unalichajia wapi?”

Wote walicheka. Mdogo wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hata mama akipiga simu alianza kwa kuniuliza kama injinia amekula.

Siku ile kompyuta ilionyesha kila kitu kizuri: mafuta, joto, nguvu. Nikaweka bisibisi yangu. Injini ilipopunguzwa mwendo nikasikia, chini kabisa, kitu kinagonga kidogo, kama kucha kwenye sufuria. Beringi moja ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa haijakaa vizuri.

“Kaka, umesikiaje?”

“Si kompyuta yako imeshasema?”

“Imesema. Nakuuliza wewe.”

“Iko safi.”

Nilitaka aaibike. Nilimwona moyoni mwangu amesimama kando ya lori lililozimika, kompyuta kwapani, watu wakirudi kuniuliza mimi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Na kwa kuwa tulisaini wawili, tulitakiwa kupanda wawili. Nikasema kiuno kinanisumbua.

“Pumzika, kaka,” akasema. “Nitapanda mimi.”

Injini ilikwama katikati ya mlima, lori limejaa mawe. Breki hazikuuweza mzigo, likarudi nyuma hadi mtaroni. Dereva alitoka na michubuko. Mdogo wangu alibanwa mguu, goti likasagika. Tajiri akamwachisha kazi yeye, kwa kuwa ndiye mkuu wa majaribio, na mafundi wakaanza tena kuniita Injinia. Nikaitika.

Baadaye nilimfuata Didia alikokuwa anajiuguza. Nilimkuta uani na mama, wanapukuchua mahindi, mguu ameunyoosha juu ya gunia. Hakuinua uso.

“Kaka, ulisikia?”

Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno mengine. “Nilisikia,” nikasema.

Aliendelea kupukuchua. Mama ndiye aliyeacha.

Goti lile halikunjiki mpaka leo. Gereji niliiacha mwenyewe, maana kila nilipoweka bisibisi sikioni nilisikia lile swali lake. Mama alifariki bila kulala tena nyumbani kwangu. Tukikutana msibani, mdogo wangu ananipa mkono na kusema, “Habari za leo,” kama anayemsalimu mtu wa stendi. Shikamoo yake sijaisikia tena, na sina haki ya kuidai.

Kwa sahihi ile, yeye alipoteza goti na kazi aliyoisomea. Mimi nilimpoteza yeye.