Majivu Mlangoni

Sauti ya chumvi ya mawe ikimwagwa kwenye ngazi hunipa baridi mikononi hata nikiwa nimevaa glavu. Inakwaruza kama mchele wenye changarawe ukimwagwa kwenye sinia. Kila mwaka majira ya baridi yakikaribia nanunua gunia moja, naliweka nyuma ya mlango, na redio ikitaja tu baridi natoka namwaga, barafu isishike ngazi. Wajukuu wangu hunicheka. Nasema nao Kiswahili, wao wananijibu kwa Kiingereza kwamba theluji yenyewe haijaanguka. Nawaacha waseme. Sijawahi kuwaeleza. Nawaeleza ninyi, kwa kuwa hamnitazami usoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa na mwaka mmoja na nusu hapa Birmingham, mtaa wa Nechells, katika nyumba ya matofali iliyobanwa na nyingine kushoto na kulia, choo kikiwa nje uani. Baba alifanya kazi kiwanda cha magari kule Longbridge, upande wa pili wa mji. Mama alikuwa Mtaita wa Voi, na mimba yake ilikuwa imefika mwisho. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla hatujaondoka Kenya. Huyu wa tumboni Baba alimpa jina kabla hajazaliwa, jambo ambalo Mama hakulipenda. Mtoto angezaliwa nyumbani, kama watoto wengi wa siku hizo, na mkunga wetu alikuwa Sista Nora, Mwairishi mnene mwenye baiskeli, ambaye kila akija alinipa peremende yenye harufu ya dawa.

Theluji ilianza Baba alipokwisha kuondoka alfajiri. Theluji ya kuchezea nilikuwa nimeshaiona. Hii ilikuja na upepo, ikaanguka kwa ubavu, ikajaza barabara mpaka ukuta wa bustani ukapotea. Mabasi yalinyamaza. Ndani tulikuwa na hita moja ya mafuta ya taa, na moshi wake ulitukaa kooni.

Kabla ya saa nne uchungu ukamshika Mama. Akagonga ukuta kwa mwiko, mara tatu, kama walivyokubaliana na jirani yetu Mama Jaswant, Kalasinga aliyezaliwa Nairobi. Mama Jaswant akaenda mpaka kibanda cha simu, theluji ikimfika mapajani. Aliporudi alisema gari la wagonjwa haliwezi kupita, lakini Sista Nora anakuja kwa miguu. Kisha akatoa ndoo ya majivu kutoka kwenye meko yake, akayamwaga yote kwenye ngazi yetu, akaingia kwa Mama. Mimi akaniambia nichemshe maji.

Nikayaangalia yale majivu. Wazungu wa mtaa ule walimwaga majivu milangoni kila baridi ilipokaza, na sisi nyumbani tuliwacheka kwamba wanajichafulia wenyewe. Kule Voi nyanya yangu alinifundisha kwamba mgeni akitarajiwa, uwanja unafagiwa, halafu unanyunyiziwa maji ili lile vumbi jekundu litulie na mgeni akanyage pasafi. Shule ya hapa sikuielewa, nilikaa nyuma mpaka siku waliponiruhusu kuacha. Lakini kufagia nilijua. Na siku ile tulikuwa na mgeni mkubwa kuliko wote.

Nikachukua ufagio. Nikaondoa majivu yote na theluji yote, ngazi zote tatu, kisha nikaleta maji ya moto na kusugua mpaka jiwe likawa jeusi, likang'aa. Vidole viliniuma. Nilifurahi. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Sista Nora alitokea mwisho wa barabara, mkoba kifuani, anavuta mguu mmoja mmoja. Aliponiona mlangoni aliinua mkono. Alipanda ngazi ya kwanza. Ya pili, maji yangu yakiwa yameshaganda juu yake, ikamtupa.

Mguu wake ulikunjika upande ambao mguu haukunjiki. Hakupiga kelele. Aliniambia polepole nimwite mtu mzima. Majirani wawili wa ng'ambo walimbeba wakamlaza sakafuni jikoni kwetu, na kutoka pale alimwelekeza Mama Jaswant kwa sauti, chumba hadi chumba, mpaka akazimia. Baada ya hapo nilisikia sauti moja tu, ya Mama Jaswant.

"Mama, wewe sukuma. Mimi iko hapa. Mimi haendi popote."

Mtoto alitanguliza miguu. Alikaa hapo katikati muda mrefu. Alipotoka alikuwa mvulana, rangi ya kijivu, na Mama Jaswant alimpulizia mdomoni, akamsugua kwa taulo, akampulizia tena. Alivuta pumzi mbili. Nilisubiri ya tatu.

Baba aliingia jioni, ametembea kutoka Longbridge, barafu imemganda kwenye masharubu. Sista Nora alikuwa ameshapelekwa hospitalini. Baba alimtazama mtoto aliyefungwa kwenye shuka, akaelezwa. Kisha akauliza:

"Nani alimwaga maji pale nje?"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Mama alinitazama mara moja tu.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka pawe safi."

"Basi wewe ndiye uliyemuua."

"Ndiyo."

Mama Jaswant, aliyejua kwamba Mama hakuinuka kitandani siku nzima, alinitazama, akainamisha kichwa. Akachukua ndoo yake ya majivu akaenda kwao.

Baba hakumpiga Mama, wala hakuondoka. Waliishi pamoja miaka mingine ishirini na mitatu. Lakini tangu jioni ile hakumwita tena Mama Wakesho, kwa jina langu, kama alivyomwita tangu nizaliwe. Alimwita wewe. Wewe, chai. Wewe, funga mlango. Mimi nikakua nikisikia hilo neno, nikidhani Mama aliniokoa na mkanda, na kwamba kunyamaza kwangu ndiko kumtii.

Nilipozaa wangu ndipo nilipoelewa. Mkanda Baba hakuwa nao siku ile, alikuwa na hasira isiyokuwa na mahali pa kukaa, na Mama aliona ingenikalia mimi maisha yangu yote. Akaitandikia kwake. Nilipokuwa na miaka tisa sikuwa na hatia. Nilipofika ishirini, thelathini, nikimpelekea Baba chai yeye akimwita mke wake wewe, nilikuwa nayo. Ningeweza kusema neno moja. Sikulisema.

Baba alikufa akiamini kwamba ni Mama. Mama naye alipokuwa akifa hospitalini nilimwambia nataka kuongea habari za ile ngazi. Aligeuzia uso ukutani, akaniuliza kama nimefunga mlango wa nyumba.

Sasa nimelisema, na hakuna aliyebaki wa kulisikia. Leo redio imetaja baridi. Gunia lipo nyuma ya mlango.