Ijumaa Niliyomcheka Dada

Dada yangu wa miaka mitano alikuwa na nimonia, na Ijumaa hiyo mimi ndiye niliyeachwa naye kwenye fleti yetu ya Al Rayyan. Mama alikuwa na zamu ya kuongoza kwaya kanisani kule Mesaimeer, maana huku Doha ibada kuu ni Ijumaa.

"Mpe dawa saa nne, na supu kidogo kidogo," aliniambia. "Na uache ujinga."

Supu ilitaka kupashwa moto. Maji hayakutaka chochote. Nikabuni mchezo: akimaliza glasi moja, namwigiza pasta wetu akikemea pepo mwenye kichwa kigumu. Alicheka hadi akakohoa, akaomba tena. Glasi nyingine. Hapa Doha kila mtu anakuhubiria kunywa maji, kwa hivyo nilijiona daktari kabisa.

Baada ya glasi ya sita alitapika. Nikapangusa. Kisha akaanza kuniita mwalimu.

"Mwalimu, toa ng'ombe jikoni!"

Macho yalikuwa yanamlegea. Nami, mjinga wa kimataifa, nikatoa simu, nikamrekodi, nikatupa video kwenye kikundi cha vijana wa kanisa. Vicheko vikamiminika.

Simu ikalia. Alikuwa anti mmoja wa kanisa, muuguzi. Bintiye alikuwa amemwonyesha video.

"Huyo mtoto amekunywa nini?"

"Maji tu, anti."

"Mangapi?"

Nikamwambia.

"Usimpe hata tone. Mlaze ubavu. Naita ambulensi."

Degedege lilimshika tukiwa njiani. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, ukiruka kama kitu kisicho chake.

Hospitalini daktari alieleza taratibu, labda kwa sababu nilikuwa nimevaa ndala mbili zisizofanana. Nimonia inaweza kuufanya mwili ung'ang'anie maji, na chumvi ya damu ikashuka. Maji niliyompa mimi yaliishusha zaidi. Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba. Wakamwekea dripu ya chumvi.

Mama alifika na joho la kwaya. Video alikuwa ameshaiona.

"Hukuona anaumwa?"

"Niliona anachekesha."

Afadhali angenizaba kofi. Aliketi tu, akamfunika mtoto miguu.

Kesho yake dada alinijua, akaniita kwa jina. Akaomba maji. Kipimo chake cha maji cha asubuhi kilikuwa kimekwisha, na muuguzi alikuwa ameniambia nisithubutu.

"Hapana," nikasema.

"Kidogo tu."

"Hapana, mpenzi."

Alilia kwa kiu, midomo imekauka. Mimi ninayejua kuchekesha darasa zima nikaiondoa glasi mezani, asiione.