Kisu cha Ma Klaudia

Asubuhi hakuna tena anayesimama kwenye maingilio ya vibanja vya watu, mashamba yao ya migomba, na kuita, "Wenyewe mpo, waitu? Naomba maganda." Kwa miaka kumi na tisa, katika kijiji kimoja karibu na Kagoma, sauti hiyo, yenye 'waitu' ya heshima, ilikuwa ya Klaudia, mjane mwenye kahawa kidogo na migomba ya kumtosha. Aliomba maganda makavu yanayoning'inia kwenye mashina ya migomba. Wengine huyafungia mizigo. Yeye aliyatengenezea picha.

Hakuna aliyemfundisha. Aliyalowanisha, akayanyoosha kwa chupa ya maji ya moto, akayakata na kuyabandika kwenye kipande cha boksi kwa uji wa muhogo. Ganda jeusi likawa nywele, la kahawia likawa uso. Aliwatengeneza majirani zake, na alichokiona ndicho alichokibandika. Katekista alibandikwa amesinzia. Mzee jirani, Ta Rutaihwa, alibandikwa na tumbo lake lote. Ukimpa maganda, alikuletea picha yako, upende usipende.

"Ma Klaudia, haya masikio umeyatoa wapi?" Ta Buberwa alimwuliza siku alipopewa yake.

"Kichwani kwako, waitu. Redio yako imeyavuta."

"Basi wajukuu watadhani babu yao alikuwa sungura."

Lakini aliitundika sebuleni, juu ya mlango.

Rangi iliyomsumbua ilikuwa nyeupe. Ili kuipata ilibidi akate shina bichi, lile lililokwisha kuvunwa ndizi, alimenye mpaka tabaka za ndani, kisha azianike kivulini. Mwaka jana, mwezi wa Mei, jirani yake Consolata alitaka picha ya mjukuu wake akiwa na gauni la komunyo ya kwanza. Klaudia akaingia kwa Rutaihwa, akakata. Utomvu uliotoka ulikuwa wa njano, mzito kama usaha. Aliutazama kidogo. Akafuta kisu kwenye jani, akavuka njia, akaingia kwa Buberwa na kukata shina jingine, karibu na makaburi, kwa sababu pale migomba ni minene na tabaka zake ni pana.

Wiki ya tatu migomba ya Rutaihwa ilianza kunyauka. Majani yalilegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi ziliiva zikiwa changa, na ukizipasua zilikuwa zimeoza ndani. Bibi shamba, Annastella, akaitisha mkutano.

"Mnyauko hauna miguu," aliwaambia. "Unabebwa na kisu. Ukikata mgomba mgonjwa, pitisha kisu kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Ukiwahi, unang'oa mashina machache na kibanja kinapona. Ukichelewa, unang'oa kibanja chote."

Klaudia alikuwa amekaa mstari wa pili. Kisu kilikuwa ndani ya kikapu, na kikapu amekipakata.

Baba yake Buberwa, mama yake na mtoto wake wa kwanza wamelala katika kibanja kile, chini ya migomba. Kuing'oa ni kuwaacha juani.

Tangu siku hiyo Klaudia aliamka na mapambazuko, akabeba dumu tupu kama aendaye kisimani, akapita polepole njia inayopakana na Buberwa. Alihesabu majani. Jani moja la njano, njano ya uzee tu, lilitosha kumrudisha kuanza hesabu upya. Nyumbani kila ndizi aliyomenya aliipasua kwanza na kuichungulia. Gauni la komunyo halikubandikwa; mtoto kwenye picha alibaki na kichwa na viatu. Alijua kwamba akisema, hakuna atakayemfungulia tena. Alijua pia kwamba kila siku anayonyamaza, kitu kinatembea ndani ya mashina ya mtu mwingine. Labda utomvu ulifutika wote, alijiambia. Labda. Alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Siku ya tisa Buberwa alimwita kutoka ndani ya migomba.

"Ma Klaudia, mbona siku hizi unanipita kama mgambo? Au bado unayapima masikio yangu?"

Klaudia akaweka dumu chini.

"Ta Buberwa, siku ile nilikata kwa Rutaihwa kabla ya kukata kwako. Kisu kilekile."

Redio iliendelea kusema mkononi mwa mzee, mpaka alipoizima.

"Wapi?"

"Pale kwa mama yako."

Walikwenda pamoja, Klaudia nyuma. Chipukizi lililosimama kando ya shina alilokata lilikuwa limeinamisha jani la katikati. Buberwa alipiga goti, akaligusa kwa kidole, kisha akakifuta kidole kwenye suruali na kukitazama.

"Ungesema siku ya mkutano."

"Niliogopa, waitu."

Mzee hakumtukana. Klaudia alisubiri matusi; mzee akatuma mtu kumwita bibi shamba. Annastella alifika asubuhi hiyohiyo. Hadi saa sita mchana mashina kumi na moja yalikuwa yamefukuliwa, na jua lilipiga moja kwa moja kwenye saruji ya kaburi la mama. Buberwa alikichukua kisu cha Klaudia na kukitumbukiza motoni jikoni kwake, mpaka mpini nao ukateketea.

Kabla wiki haijaisha, maingilio ya vibanja vyote yalikuwa yamelazwa mti, Klaudia asiingie. Consolata alituma salamu kwamba picha asiilete, ataifuata mwenyewe. Hakuifuata.

Migomba iliyobaki kwa Buberwa bado imesimama. Mzee huizungukia kila asubuhi, jani kwa jani, redio imezimwa.

Klaudia sasa anaishi Hamugembe, mjini Bukoba, kwa binti yake Judica. Nyuma ya nyumba kuna migomba sita. Anayeikata ni Judica.